Ardhi Tunayokanyaga Ililetwa na Maji: Jinsi ya Kusoma Laga, Ngazi za Mto na Mapepeo ya Mashapo

Safu ya Jua Ardhi Yako

Mkaazi yeyote wa Lodwar amewahi kuona jambo hili. Mbingu ni safi, jua linawaka tangu asubuhi, na watoto wanacheza kwenye mchanga wa laga ya Kawalase. Mara husikika ngurumo kutoka upande wa juu, kama malori yanayopanda mlima kwa pamoja. Muda mfupi baadaye maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita pale watoto walipokuwa, yakibeba matawi, mawe na wakati mwingine mbuzi wa watu. Mjini hakujanyesha hata tone. Mvua ilinyesha milimani, mbali, na maji yamesafiri kutufuata.

Tukio kama hilo huzua maswali mawili katika mabaraza ya wadi. La kwanza ni hili: kwa nini nchi yenye mvua kidogo namna hii inapata mafuriko makali? La pili ni zito zaidi, kwa sababu linahusu pesa na uhai: nitajuaje kama kiwanja ninachotaka kujenga, au mahali ninapotaka kuhamishia boma, maji hayatafika?

Jibu la maswali yote mawili limeandikwa ardhini. Maji ya mafuriko hupita, lakini mzigo wake hubaki. Mzigo huo, yaani mawe, kokoto, mchanga na tope, huitwa mashapo. Namna mashapo yalivyolala hutuambia maji yalipita wapi, yalikuwa na nguvu kiasi gani, na yana uwezekano gani wa kurudi. Katika somo hili tutajifunza maumbo mawili ambayo mito ya nchi kame huyaacha: pepeo la mashapo na ngazi za mto.

Mvua kidogo, kazi kubwa

Lodwar hupata wastani wa takriban milimita 200 za mvua kwa mwaka. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,500. Mtu angedhani basi kwamba mito ya Kericho ndiyo inayohamisha ardhi zaidi. Lakini kule Kericho majani, chai na misitu hupokea matone kabla hayajagusa udongo. Maji huingia ardhini polepole na kutoka polepole, na mto hutiririka mwaka mzima.

Kwetu hali ni tofauti. Mvua ya mwezi mzima inaweza kunyesha kwa saa mbili. Miteremko ya milima iko wazi, na udongo uliochomwa na jua hutengeneza ngozi ngumu juu yake. Maji hayapati nafasi ya kuingia. Yanateleza juu ya ngozi hiyo, yanakusanyika kwenye vijito, vijito vinamwagika kwenye makorongo, na makorongo yanamwagika kwenye laga. Ndiyo sababu laga iliyokuwa kavu saa sita mchana inaweza kuwa mto mkubwa saa nane.

Tena maji hayo hukuta mzigo umeshaandaliwa. Kwa miaka mingi mawe ya milimani yamekuwa yakivunjikavunjika. Joto la mchana na baridi ya usiku huyapasua, chumvi huyachimba, mizizi huyafungua. Vipande hubaki kwenye mteremko vikisubiri. Mvua kubwa ikija huvichukua vyote kwa mkupuo.

Wataalamu wa mito wana kanuni ya zamani inayosaidia kuelewa nguvu hii. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kabisa linaloweza kusukumwa huongezeka karibu mara 64. Maji yaliyokuwa yakisukuma jiwe la kilo 1 sasa yanaweza kusukuma jiwe la kilo 64, ambao ni uzito wa mtu mzima. Kwa hiyo ukiona jiwe kubwa kuliko mbuzi limelala katikati ya uwanda wa mchanga, usidhani liliota hapo. Kuna siku maji yalilibeba.

Pepeo la mashapo

Sasa fuata maji hayo yanapotoka mlimani. Ndani ya korongo yamebanwa na kuta mbili za mwamba. Ni membamba, yana kina na yana kasi. Yanapofika mdomo wa korongo, kuta zinaisha na mbele kuna uwanda mpana. Maji yanatawanyika, kina kinapungua, kasi inashuka. Mengine yanazama kwenye kokoto. Na maji yaliyopoteza kasi hayawezi tena kubeba mzigo yaliyokuja nao.

Yanautua kwa mpangilio. Mawe makubwa huachwa kwanza, palepale mdomoni. Kokoto huenda mbele kidogo, kisha mchanga. Tope laini husafiri mbali kuliko vyote na kutua chini kabisa, kwenye uwanda. Mafuriko yanayofuata hufanya vivyo hivyo juu ya mzigo wa kwanza. Baada ya maelfu ya miaka panapatikana kilima kipana, kilichoinama taratibu, chenye ncha kwenye mdomo wa korongo na upana kuelekea uwandani. Ukikitazama kutoka juu kina umbo la pepeo lililokunjuliwa, lile la kupepea moto au joto. Ndiyo maana katika somo hili tunakiita pepeo la mashapo.

Umewahi kuona lori likimwaga mchanga kando ya ukuta wa nyumba? Mchanga hujipanga kwa rundo lililoegemea ukuta, juu pembamba na chini papana. Pepeo la mashapo ni rundo kama hilo. Ukuta wake ni mlima, na aliyemwaga ni maji.

Kaunti yetu ina mifano mikubwa. Magharibi mwa Ziwa Turkana, chini ya safu za Lapur na Murua Rith, laga nyingi hushuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na milima hiyo imekuwa ikimwaga mapepeo ya mashapo kwa mamilioni ya miaka. Mashapo hayo ndiyo yaliyofunika na kuhifadhi mifupa ya viumbe wa kale. Mwaka 1984, kando ya laga ya Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu. Uchimbaji ulipoendelea ukafichua mifupa ya kijana anayejulikana duniani kote kama Kijana wa Turkana, aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Mashapo yalimzika, na maji yaliyochonga bonde baadaye ndiyo yaliyomfunua. Kazi zote mbili, kuzika na kufunua, ndizo tunazozisoma hapa.

Kwa nini mkondo huhama

Jambo hili linahitaji uangalifu mkubwa kwa sababu ndilo linaloua watu.

Kwenye pepeo la mashapo, mkondo wa maji haukai mahali pamoja. Kila mafuriko yanapotua mzigo ndani ya mkondo, sakafu ya mkondo huo hupanda. Inafika wakati mkondo unakuwa juu kuliko ardhi iliyo kando yake. Mafuriko yanayofuata hayana sababu ya kuendelea na njia ile. Yanaruka ukingo na kuchukua njia mpya, ya chini zaidi, ambayo pengine ilikuwa kavu kwa miaka 30. Kwa kuhama huko kwa zamu, kushoto, kulia na katikati, ndivyo pepeo linavyopata umbo lake. Kama mkondo ungekaa mahali pamoja, pangekuwa na mfereji mmoja tu na pepeo lisingekuwepo.

Maana yake kwa anayejenga ni hii: kwenye pepeo la mashapo, kusema kwamba laga iko mbali na nyumba hakutoshi. Laga ya leo inaweza kuwa mita 400 upande wa kushoto, na ardhi unayotaka kujenga ililetwa na laga hiyohiyo ilipokuwa ikipita upande wa kulia. Mzee wa miaka 70 anaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba hajawahi kuona maji pale. Kumbukumbu ya pepeo ni ndefu kuliko ya mzee.

Kuna hatari nyingine. Mdomoni mwa korongo, maji yaliyochanganyika na udongo mwingi huwa mazito kama uji au saruji iliyokorogwa. Mchanganyiko huo hubeba mawe makubwa yakielea karibu na juu, na huvunja ukuta ambao maji matupu yangeuzunguka. Mwezi wa Aprili 2020 kituo cha biashara cha Chesegon, kwenye mpaka wa kaunti jirani za Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet, kilikumbwa na mafuriko ya maji, tope na mawe kutoka kwenye milima iliyo juu yake. Watu walikufa, na nyumba, maduka na kituo cha polisi vikasombwa. Wafanyabiashara walikuwa wamejenga pale kwa sababu nzuri: kuna njia, kuna maji, na ardhi ni tambarare kuliko mlimani. Sababu hizo hizo huwavuta watu kwenye midomo ya makorongo kila mahali.

Wala si kwamba watu wasikae kwenye mapepeo kabisa. Kule Bonde la Kerio, jamii ya Wamarakwet imelima chini ya ukuta wa bonde kwa mamia ya miaka, ikichepusha maji ya vijito kwa mifereji hadi mashambani. Udongo ni mzuri na maji yako karibu. Kwa desturi familia nyingi zilijenga nyumba juu kwenye vibao vya mteremko na kushuka bondeni kulima. Shamba likisombwa, msimu mmoja umepotea. Nyumba ikisombwa usiku, hasara haipimiki.

Ngazi za mto

Tuondoke kwenye mdomo wa korongo tufuate mto mkubwa, kama Turkwel au Kerio. Simama ndani ya mkondo wakati wa kiangazi, kisha tembea kuelekea nchi kavu. Kwanza uko kwenye mchanga wa mkondo. Kisha unapanda ukingo mfupi na kufika kwenye uwanda wenye mikoma, migunga na mathenge. Huo ni uwanda wa mafuriko, ambao mto huufikia ukijaa. Endelea kutembea. Sehemu nyingi utapanda ukingo mwingine na kukuta uwanda mwingine tambarare, mkavu zaidi, wenye kokoto zilizoviringika. Pengine upo na wa tatu juu yake. Nyanda hizi zinazopanda hatua kwa hatua kama ngazi za jengo ndizo ngazi za mto.

Kokoto zilizoviringika ndizo shahidi wetu. Jiwe lililovunjika mlimani lina pembe kali. Jiwe lililosafiri mtoni limegongana na mengine hadi pembe zimeisha. Ukilikuta jiwe la mviringo mita 10 juu ya mto wa leo, ujue mto uliwahi kupita hapo ulipo. Kila ngazi ni sakafu ya zamani ya mto.

Mto ulishukaje? Fikiria mto kama mchukuzi wa mizigo. Akipewa mzigo kuliko nguvu zake, anatua mwingine njiani, na bonde linajaa. Akiwa na nguvu kuliko mzigo, anatumia nguvu iliyobaki kuchimba sakafu yake mwenyewe, na bonde linashuka. Uwanda wa zamani unaachwa juu, mkavu, na mto unaanza kutengeneza uwanda mpya chini yake. Mambo manne hubadilisha hesabu hiyo.

La kwanza ni hali ya hewa. Kipindi cha ukame kikiondoa majani milimani, mvua chache zinazonyesha huleta mashapo mengi na bonde hujaa. Mimea ikirudi, mashapo hupungua na mto huchimba.

La pili ni kimo cha mahali mto unapoishia. Kwa mito yetu mahali hapo ni Ziwa Turkana. Ziwa likishuka, mto hulazimika kushuka nalo, na huchimba kuanzia mdomoni kwenda juu. Ziwa likipanda, mto hupunguza kasi mapema na kutua mzigo wake karibu na mdomo.

La tatu ni ardhi yenyewe. Sisi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa, ambako ardhi huvutwa na kupasuka, sehemu moja ikishuka na nyingine ikiinuka. Mwendo huo ni wa polepole mno, lakini mto huuhisi.

La nne ni mwanadamu. Bwawa lolote hunasa mashapo nyuma ya ukuta wake, na maji yanayotoka huwa hayana mzigo. Maji ya namna hiyo yana nguvu ya ziada ya kula kingo na sakafu chini ya bwawa. Ukataji miti milimani hufanya kinyume, kwa kuongeza mzigo. Uchotaji wa mchanga kupita kiasi katika laga hushusha sakafu na kuangusha kingo, wakati mwingine pamoja na barabara na nguzo za madaraja.

Kwa kawaida ngazi ya juu ndiyo ya zamani zaidi, na ya chini ndiyo changa. Hii ni kinyume cha tabaka ndani ya shimo la kisima, ambako la chini ndilo la kale. Wanafunzi wa jiografia wakumbuke tofauti hiyo, maana huchanganya wengi.

Ziwa lililokuwa juu kuliko leo

Historia ya Ziwa Turkana inaonyesha ukubwa wa mabadiliko haya. Kuanzia takriban miaka 14,000 iliyopita hadi karibu miaka 5,000 iliyopita, Afrika Mashariki ilikuwa na mvua nyingi kuliko sasa, ingawa kulikuwa na vipindi vya kushuka katikati. Nyakati za kujaa, ziwa lilisimama karibu mita 100 juu ya kiwango cha siku hizi na kumwagika kupitia uwanda wa Lotikipi hadi kwenye mfumo wa mto Nile. Leo halina mahali pa kutokea. Maji huondoka kwa kukauka juani, na ndiyo maana yana chumvichumvi.

Ndiyo sababu wachungaji huokota makombe na mifupa ya samaki mahali ambapo leo ni jangwa. Pale Nataruk, karibu kilomita 30 kutoka ufuo wa sasa, watafiti walipata mwaka 2012 mabaki ya watu 27 walioishi takriban miaka 10,000 iliyopita kando ya kidimbwi cha ziwa. Na ziwa lilipokuwa likipungua, karibu miaka 5,000 iliyopita, wafugaji wa mwanzo wa eneo hili walijenga makaburi yenye nguzo za mawe kama yale ya Lothagam. Watu hao waliona ufuo ukiwakimbia.

Maji yalipoteremka, mito na laga ziliteremka pia, zikachonga mashapo ambayo ziwa na mito yenyewe ilikuwa imeyatua. Kuta za udongo wa rangi ya maziwa, zenye makombe ndani, unazoziona kando ya laga nyingi karibu na ziwa ni sehemu ya kazi hiyo.

Usidhani hadithi imekwisha. Katika miaka ya karibuni Ziwa Turkana, pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa kama Baringo, limepanda na kufunika nyumba, njia na miti ya ufuoni. Serikali ya kitaifa ilitoa ripoti kuhusu jambo hilo mwaka 2021. Familia zilizojenga kwenye uwanda ambao ziwa liliuacha zamani zilikuta ziwa limerudi kudai chake.

Maji yaliyofichwa ndani ya mashapo

Mashapo hayaleti hatari peke yake. Ndiyo benki yetu ya maji. Nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga na kokoto zinaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wote au zaidi. Mafuriko yanapopita juu ya laga, sehemu ya maji huzama na kukaa chini, mahali ambapo jua haliyafikii. Akina mama wanaochimba visima vya mkono kwenye mchanga wa laga wakati wa kiangazi wanatoa akiba hiyo. Mji wa Lodwar wenyewe hutegemea sana visima vilivyochimbwa kwenye mashapo ya Turkwel.

Kwenye pepeo la mashapo, maji mengi huzama sehemu ya juu penye mawe na kokoto, na kusafiri chini kwa chini. Yakifika kwenye tope laini mguuni mwa pepeo hukwama na kukaribia uso wa ardhi. Ukiona mstari wa miti ya kijani chini ya mlima mkavu, mara nyingi hiyo ndiyo sababu.

Lakini maji kupatikana na maji kunyweka ni mambo mawili. Mwaka 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza kuwepo kwa hifadhi kubwa ya maji chini ya uwanda wa Lotikipi. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba maji ya kule yana chumvi nyingi. Kwa hiyo kabla ya jamii kutumia kisima kipya, maji yapimwe maabara, chumvi na floridi pia, hata kama yanaonekana safi.

Akiba hii ya mchanga huharibika kwa njia mbili. Mchanga ukichotwa wote hadi kwenye mwamba, hakuna pa kuweka maji. Na choo cha shimo kikichimbwa kwenye mashapo karibu na kisima, uchafu husafiri kwa urahisi uleule ambao maji husafiri.

Kabla ya kujenga, soma alama hizi

Huhitaji mashine. Tembea kwenye kiwanja na maeneo yanayokizunguka, ukitazama mambo yafuatayo.

1. Tazama juu. Je, kiwanja kiko mbele ya mdomo wa korongo? Kama ndiyo, huenda uko kwenye pepeo la mashapo. Mdomoni kabisa si mahali pa nyumba, shule wala zahanati.

2. Tazama mawe. Mawe makubwa yaliyotapakaa juu ya mchanga yaliletwa na maji yenye nguvu. Yakiwa safi, bila vumbi lililoganda wala mimea kati yake, hayajakaa muda mrefu.

3. Tazama rangi. Kwenye uso uliokaa muda mrefu bila kuguswa na maji, mawe hupata ngozi nyeusi inayong'aa kidogo na hujipanga kama sakafu. Mahali palipopitiwa na maji karibuni huwa na rangi nyepesi. Tahadhari: mawe mengi ya volkano ni meusi kwa asili, kwa hiyo pasua moja ulinganishe nje na ndani.

4. Tazama miti. Nyasi, matawi na makaratasi yaliyonasa juu ya migunga yanaonyesha kimo cha mafuriko ya mwisho. Pima kimo hicho kwa mwili wako.

5. Chimba. Shimo la mita moja hadi mbili litakuonyesha tabaka. Mchanga, tope, mchanga tena: kila tabaka ni ziara ya maji. Tabaka lenye plastiki au chupa ndani yake ni ziara ya siku zetu.

6. Uliza zaidi ya mtu mmoja. Wachungaji, akina mama wanaoteka maji na wazee wa kijiji kila mmoja ameona kitu tofauti. Kisha wasiliana na ofisi ya wadi na ya mipango ya ardhi kabla ya kulipa pesa.

Mahali pazuri pa boma la kudumu huwa ni ngazi ya juu ya mto, mbali na ukingo unaoporomoka, ambako kutoka nyumbani unaona uwanda wa mafuriko chini yako. Uwanda wenyewe una kazi yake: mashamba, malisho na miti. Kule Katilu wakulima wamevuna kwa miaka mingi kwenye ardhi iliyoletwa na Turkwel.

Na kama maji yameshafika, usibahatishe. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelea gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, hata yale makubwa ya watu binafsi. Dereva wa bodaboda asiyeona sakafu ya laga hajui kama barabara bado ipo chini yake. Subiri. Mafuriko ya laga mara nyingi hupungua kwa saa chache. Usilale wala kufunga mifugo ndani ya laga msimu wa mvua, hata kama nyota zinaonekana.

Jaribio la shule

Walimu wanaweza kuonyesha yote haya kwa beseni pana, mchanga, kokoto chache na mtungi wa maji. Jenga mlima wa mchanga upande mmoja wa beseni na uchonge korongo moja ndani yake. Mwaga maji polepole kutoka juu. Pepeo litaanza kujijenga kwenye mdomo wa korongo, na baada ya dakika chache wanafunzi wataona mkondo ukihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha acha maji yajae chini ya beseni kama ziwa, endelea kumwaga, halafu chota maji ya ziwa kwa kikombe. Mkondo utachimba mashapo yake wenyewe na kuacha ngazi ndogo kila upande.

Baada ya hapo wajadili maswali haya:

1. Ungejenga nyumba wapi kwenye beseni hilo, na kwa nini?
2. Ungechimba kisima wapi?
3. Kuna ngazi ngapi kati ya shule yetu na laga iliyo karibu? Nendeni na mwalimu wakati wa kiangazi mkahesabu.

Watoto wakirudi nyumbani na jibu la swali la tatu, wazazi wawasikilize. Mvua za vuli huja kuanzia Oktoba, na mbingu ya Lodwar inaweza kuwa safi siku hiyo.